Tutengeneze au Tukwepe? Uamuzi kuhusu Tundu la Kipakatalishi Lililoharibika

Utangulizi

Wahenga walituachia methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mwanafunzi wa Kiswahili ameiandikia methali hii insha angalau mara moja, na aghalabu huikubali bila kuihoji. Hata hivyo, anayetegemea kipakatalishi kimoja, tena kikuukuu, katika mji ambao fundi wa kuaminika hapatikani kila mtaa, hujikuta akiuliza swali ambalo methali hiyo hailijibu: je, kila ufa ni wa kuzibwa? Upo ufa ambao mtu anaweza kuusogezea kabati akaishi nao miaka kumi, na upo ule ambao ukiachwa wiki mbili nyumba huanguka. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kutofautisha nyufa za aina hizo mbili katika chombo ambacho wengi wetu tumekikabidhi tasnifu zetu. Yanahusu matundu ya kipakatalishi, yaani zile sehemu tunazochomekea waya wa chaji, flashi, vipokea sauti vya masikioni, projekta na kadhalika.

Msukumo wa kuyaandika ulitokana na mkasa ulionipata nilipokuwa nikikusanya data kati ya Marafa, Ganze na viunga vya Malindi. Nilikuwa nimerekodi ngano pamoja na nyimbo za mwanzele, ambazo Wagiriama huziimba matangani. Mmoja wa walionisimulia alikuwa hawe (ndivyo Wagiriama wamwitavyo nyanya) aliyeniimbia alasiri mbili mfululizo chini ya mwembe wa ua wake. Alifariki miezi miwili baadaye. Sauti yake ilikuwa ndani ya kipakatalishi changu na si mahali pengine popote, kwa kuwa kinasa sauti nilichokitumia kilikuwa cha kuazima, nami nilikuwa nimefuta yaliyomo kabla ya kukirejesha. Ni wakati huo ambapo tundu la chaji lilianza kulegea.

Jina la kitu chenyewe

Kabla ya kuendelea, pana haja ya kuafikiana kuhusu istilahi, na hapa sisemi hivyo kwa mazoea tu ya makala za kitaaluma. Neno la Kiingereza linalotaja sehemu hii hutaja pia mahali pa kutia nanga meli, na tafsiri za mashine hazichelewi kutuletea "bandari", hata tundu dogo la waya likafananishwa na Kilindini. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulishughulikia maneno yanayoonekana kwenye kioo. Kiwiliwili cha kompyuta kiliachiwa mafundi wakipe majina wenyewe. Mafundi niliokutana nao Malindi na Kilifi husema "poti" kwa matundu ya kawaida, ilhali lile la kuingizia umeme huliita "sistimu ya chaji", msemo uliohamia huku kutoka kwenye matengenezo ya simu.

Msemo huo wa mwisho ndio ulionitia hasarani nusura. Fundi wa kwanza niliyemwendea alikichomeka kipakatalishi, akakitikisa waya mara mbili, kisha akanirudishia.

"Mwalimu, hii sistimu ya chaji imekufa. Bodi hiyo. Tayarisha elfu tisa."

Kwa kinywa chake "sistimu ya chaji" ilimaanisha mambo mawili kwa wakati mmoja: tundu lenyewe, ambalo ni kipande cha chuma na plastiki kisichozidi punje ya hindi kwa ukubwa, na saketi iliyo nyuma yake kwenye bodi kuu, inayopokea umeme na kuugawia betri. La kwanza ni kama kitasa cha mlango, la pili ni kama ukuta ulioushikilia mlango huo. Bei zake hazikaribiani. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza fundi, kabla hata ya kuuliza bei, ni hili: ni tundu, au ni saketi ya nyuma? Fundi asiyeweza kulijibu kwa kufungua mashine na kupima kwa mita hajagundua ugonjwa bado, anakisia. Katika makala haya nitatumia "tundu" kwa maana ya kile kipande cha kuchomekea pekee.

Kinachoharibika, na chumvi yetu ya Pwani

Tundu huharibika kwa kutumika na kwa kuliwa na kutu. Ndani yake mna vibamba vyembamba vya chuma vyenye mnyumbuko, ambavyo kazi yake ni kuibana plagi. Kila tunapochomeka na kuchomoa, vibamba hivyo huchoka kidogo. Matundu ya USB ya umbo la zamani, lile la mstatili, kwa kawaida hukadiriwa kustahimili kuchomekwa mara 1,500, ilhali yale madogo ya mviringo wa yai, yaliyoanza kutolewa mwaka 2014 kwa jina la USB-C, hukadiriwa mara 10,000. Anayechomeka flashi mara moja kila siku atalimaliza tundu la kwanza kwa takriban miaka minne. Lakini makadirio hayo ni ya mkono mpole unaochomeka kwa unyoofu. Hayamhesabu mtoto anayejikwaa kwenye waya sebuleni. Kampuni ya Apple ililitambua tatizo la kujikwaa, ikatoa mwaka 2006 plagi inayoshikwa kwa sumaku na kujiachia inapovutwa, ikaiacha miaka ya baadaye, kisha ikairudisha mwaka 2021. Sisi wa vipakatalishi vya mitumba kutoka Ulaya na Dubai tuliendelea kujikwaa.

Suala la kutu linatuhusu watu wa mwambao kuliko wenzetu wa bara. Upepo wa baharini hubeba chembe za chumvi, nazo hutua kila mahali, hata ndani ya nyumba iliyo mbali kiasi na ufuo. Chumvi ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Chembe iliyotua ndani ya tundu hugeuka utando mwembamba wa maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Palipo na metali mbili tofauti, maji ya chumvi na mkondo wa umeme, metali moja huliwa. Vibamba vya tundu hupakwa utando mwembamba sana wa dhahabu au wa metali nyingine ili visiliwe, lakini utando huo unapokwanguliwa kwa kuchomeka na kuchomoa, shaba ya chini hubaki wazi na kuota ukoko wa kijani. Ukiona ukijani huo kwenye plagi yako ya chaji, usihangaike kutafuta mchawi.

Mwenye mashua anayeijali injini yake huisuuza kwa maji baridi arudipo kutoka baharini. Kwa kipakatalishi maji hayafai, ila desturi ni ile ile. Zima mashine, toa betri ikiwa inatolewa, chokoa vumbi na mchanga kwa kijiti cha mti wala si sindano, kisha pangusa kwa pamba iliyoloweshwa kidogo kwa alkoholi ya aisopropili na uache pakauke kabisa. Si mara moja nimeona tundu lililotangazwa kufa likafufuka kwa kutolewa mchanga wa ufukweni. Uamuzi wowote wa kutengeneza au kukwepa usitangulie hatua hii.

Ni nini kinachopita tunduni?

Iwapo tundu limesafishwa na bado halifanyi kazi, wengi huanza kwa kuuliza gharama. Kwa maoni yangu swali hilo ni la tatu. La kwanza tumelitaja: ni tundu au ni saketi? La pili ni hili: ni nini kinachopita hapo? Yapo matundu yapitishayo habari, kama sauti, picha na faili, na lipo tundu lipitishalo umeme unaoilisha mashine yote. Habari ikikosa njia moja hutafuta nyingine, na ikikosa kabisa haimdhuru mtu. Umeme ukibanwa njiani hugeuka joto.

Kipakatalishi changu kilikuwa na majeraha ya aina zote mbili, na hii ndiyo sababu nimethubutu kulifafanua jambo lenyewe. Tundu moja la USB la upande wa kushoto lilikuwa limevunjika ulimi wake wa plastiki tangu mwaka uliotangulia. Sikulitengeneza hadi leo. Mashine ilikuwa na matundu mengine mawili ya namna hiyo, na yalipokuwa hayatoshi nilinunua kigawanyio, ambacho mafundi hukiita habu, kwa bei iliyokuwa chini ya gharama ya kuifungua mashine. Vivyo hivyo, tundu la vipokea sauti likiharibika, kipo kifaa kidogo cha sauti kinachochomekwa kwenye USB, au sauti ipitishwe kwa Bluetooth. Tundu la HDMI likifa, mashine za zamani huwa na la VGA, na projekta za kumbi nyingi za mihadhara bado zinalikubali. La waya wa mtandao likifa, wengi wetu hata hatutatambua.

Kukwepa namna hiyo kuna mipaka yake, na ni vyema kuifahamu. Tundu la USB la kizazi cha pili hutoa mkondo wa miliampea 500, na la kizazi cha tatu miliampea 900. Kigawanyio kisicho na umeme wake binafsi hakiongezi chochote; hukigawa kile kile kidogo. Flashi tatu zitaishi kwa mgao huo, lakini diski ya nje inayozunguka huenda ikatoa mlio wa kugonga-gonga na kukatika katikati ya kunakili. Diski kama hiyo ichomekwe moja kwa moja kwenye tundu zima. Aidha, pana hali moja ambapo hata tundu la habari haliwezi kuachwa hivi hivi: pale vibamba vilivyovunjika vinapogusana au kugusa ganda la chuma. Hapo umeme wa volti 5 uliomo huvuja, na mashine inaweza kuyazima matundu mengine au kukataa kuwaka. Ishara yake ni onyo la kioo kuhusu umeme kupita kiasi, au joto upande huo wa mashine. Dawa yake ni ndogo: fundi avikate vibamba hivyo na tundu lifunikwe kwa utepe.

Kamusi iliyoshikilia plagi

Tundu la chaji ni habari nyingine, na hapa nakiri kosa langu. Lilipoanza kulegea, nilifanya wanachofanya wanafunzi wengi. Niligundua kwamba plagi ikiinamishwa upande chaji huingia, nikaiegemeza kwa kitabu. Kitabu chenyewe kilikuwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kwa kuwa hakikuwapo kingine chenye unene wa kutosha. Kwa wiki mbili nilinukuu nyimbo za mwanzele huku kamusi ikifanya kazi ambayo wanaleksikografia hawakuikusudia. Usiku mmoja nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipoigusa plagi, ilinichoma.

Hesabu yake ni nyepesi. Chaja ya wati 65 yenye volti 19.5 hupitisha mkondo wa takriban ampea 3.3. Mguso ulio imara hauuzuii mkondo huo kwa kiasi cha kutajika. Mguso uliolegea, wenye kutu na masizi, unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1 hivi, na papo hapo wati 11 hugeuka joto ndani ya kijisehemu kisichozidi punje ya hindi. Pasi ndogo ya fundi ya kuyeyushia risasi huwa na wati 30 au 40. Tumekwisha kuifikia zaidi ya robo ya pasi hiyo, nayo iko kitandani, kando ya chandarua. Isitoshe, kila plagi inapocheza, umeme hukatika na kurudi kwa cheche, na saketi ya nyuma hupokea mshtuko kila mara. Hivyo ndivyo kitasa kilicholegea kinavyoubomoa ukuta. Methali ya wahenga, ambayo kwa tundu la USB haikuwa na nguvu, kwa tundu la chaji ina nguvu zote.

Fundi wa pili nilimpata Kilifi. Aliifungua mashine mbele yangu, akapima kwa mita, akaninyooshea kidole.

"Bodi haina neno, mwalimu. Hili tundu ndilo limekwisha. Tena una bahati, lina waya wake."

Bahati aliyoitaja inastahili kuelezwa. Matundu ya chaji hujengwa kwa namna mbili. Baadhi yamefungwa kwenye ganda na kuunganishwa na bodi kwa waya mfupi wenye plagi yake. Kuyabadilisha ni kufungua skurubu, kuchomoa na kuchomeka. Mengine yamegandishwa kwa risasi moja kwa moja kwenye bodi kuu, na kuyaondoa kunahitaji mkono uliozoea joto, kwani bodi ina matabaka ya shaba ambayo fundi mwenye papara huyang'oa. Muulize fundi ni aina gani, na kama ni ya pili, muulize ameshabadilisha ngapi. Baadhi ya vipakatalishi vya Dell na HP vina pini nyembamba ya katikati inayoitambulisha chaja kwa mashine. Pini hiyo ikikatika, mashine huwaka lakini betri haijazwi, na mtu huenda akanunua betri mpya bure. Tundu langu jipya lilitoka kwenye "mzoga", yaani kipakatalishi kilichokufa cha aina ile ile, na kazi nzima ilinigharimu shilingi 1,800.

Je, tundu la chaji haliwezi kukwepwa kamwe? Linaweza, endapo mtengenezaji aliacha njia ya pili. Baadhi ya mashine za ofisini za miaka ya nyuma, kama vile Latitude za mfululizo wa E na ThinkPad nyingi, zina mlango wa chini wa kupachikwa juu ya stendi, na stendi hiyo hupitisha umeme. Mashine nyingi za karibuni hupokea chaji kwa USB-C, na zenye matundu mawili ya aina hiyo zinampa mwenyewe muda wa kufikiri moja likifa. Hizo ni njia halali. Kuunganisha waya wa chaja kwenye bodi moja kwa moja bila tundu, jambo ambalo fundi wa kwanza alinipendekezea kwa bei nafuu, sikulikubali. Mguso hautalegea, ni kweli, ila siku mtu atakapojikwaa kitakachong'oka ni bodi.

Nisiipambe USB-C kupita kiasi. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayoifanya kuwa tundu la pamoja la chaji, kuanzia Desemba 28, 2024 kwa simu na Aprili 28, 2026 kwa vipakatalishi, na vifaa hivyo vitatufikia kama mitumba baadaye. Hata hivyo tundu hilo lina miguso 24 iliyosongamana, na aghalabu limegandishwa kwenye bodi. Fundi wa pasi ya kawaida hataliweza. Kampuni ya Framework ya Marekani ilionyesha mwaka 2021 kwamba matundu yanaweza kutengenezwa kama vijikadi vya kuchomoa kwa mkono, lakini wengi hawajamfuata.

Na ikiwa saketi yenyewe ndiyo iliyokufa? Hapo ndipo swali la bei linapopata nafasi yake. Mimi hukadiria hivi: gharama ikizidi nusu ya bei ya mtumba mwingine wa aina ile, sitengenezi. Mwenye kipimo kingine na akitumie.

Kabla ya fundi

Nimeliacha nyuma jambo ambalo kwa mpangilio wa vitendo ndilo la kwanza. Usiku ule wa harufu betri ilikuwa na asilimia 38. Nilichomoa plagi, nikapunguza mwanga wa kioo, nikazima mtandao, nikachomeka flashi kwenye tundu la kulia na kunakili rekodi za hawe kabla ya kitu kingine chochote, tasnifu ikiwamo. Sura za tasnifu ningeweza kuziandika upya.

Betri ingekuwa imekwisha, njia bado ilikuwapo. Vipakatalishi vingi vya mitumba vina diski inayotolewa kwa skurubu chache, nayo husomwa kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa kuunganishia SATA na USB. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, utahitaji ufunguo wa akiba, kwa hiyo utafute na uuandike mahali leo mashine ikiwa bado nzima. Katika vipakatalishi kadhaa vipya hifadhi imegandishwa kwenye bodi na haitoki. Mwenye chombo cha namna hiyo hana la kuchagua: tundu la chaji ndio mlango wa pekee wa kuyafikia maandishi yake, na akisikia linacheza amwendee fundi siku hiyo hiyo.

Rekodi sasa zipo mahali patatu. Nakala moja ipo kwangu, ya pili nimeiacha idarani, na ya tatu nilimpelekea mjukuu wa hawe kule Marafa. Simu yake ilikuwa na tundu la chaji lililojaa vumbi na halikukubali waya wangu, nami nilikuwa nimesahau kijiti. Tulizipitisha kwa Bluetooth, wimbo mmoja baada ya mwingine, tukiwa tumeketi chini ya ule mwembe.